Tarumbeta na Pua ya Kushoto ya Nekesa

"Kamati ya Muziki inawatangazia waumini wote kwamba, kuanzia Jumapili ijayo, viti vya plastiki vya kijani havitakaliwa na mtu asiyeimba."

Tangazo hilo lilisomwa mara mbili katika kanisa letu la Landless, Thika, ingawa aliyekalia kiti cha kijani bila kuimba alikuwa mmoja tu. Nekesa, aliyeongoza sauti ya kwanza tangu viti hivyo vinunuliwe, alikuwa amezibika pua ya kushoto kiasi kwamba haleluya yake ilitoka kama ya bata mwenye mafua. Akaona heri anyamaze.

Daktari wa upasuaji huko Ruiru alimwonyesha picha. "Ni uvimbe wa ala ya neva. Ni nadra, na si saratani. Tutautoa kwa kamera kupitia tundu la pua; uso hatuukati."

"Nitaimba?"

"Utapumua."

"Daktari, kupumua hata wapinzani wetu wa kwaya ya Mugutha wanapumua."

Nekesa akaiomba kamati imhifadhie kiti mpaka apone. Mwenyekiti, Mzee Gichuru, katika maelezo yote alisikia neno moja.

"Ala? Ala gani, mama? Kinanda ama tarumbeta?"

"Ala ni kifuko, mzee. Kama ala ya kisu."

"Haiya! Sasa kuna kisu kwa kwaya?"

Macho yote yakamgeukia Jared, mpiga tarumbeta, ambaye kwa bahati mbaya huketi kushoto kwa Nekesa.

"Mimi hupuliza mbele," Jared akajitetea. "Sipulizi watu puani."

"Na mate huenda wapi?" akauliza Benta, katibu.

Swali hilo lilionekana la kisayansi, likaundiwa kamati ndogo.

Upasuaji ulifaulu. Uvimbe uliotolewa ulitoshana na kokwa ya makadamia. Baada ya majuma kadhaa ya kuosha pua kwa maji ya chumvi, Nekesa alirudi, akasimama kando ya kiti chake, akaimba ubeti mmoja. Sauti ilitoka nzima, hata mpiga kinanda akasahau kinanda.

"Sasa nikae?" akauliza.

Kamati ilinong'onezana kwa muda, kisha Mzee Gichuru akasoma uamuzi: tarumbeta itahamishiwa kulia, ili pua ya kushoto ipumzike, kiti kitabaki wazi hadi ripoti ya kamati ndogo kuhusu ala ipokewe, na kwa kuwa tangazo linakataza kukaa bila kuimba, lakini halikatazi kuimba bila kukaa, Mama Nekesa ataendelea kuimba akiwa amesimama.