Mkono wa Kushoto wa Boram

Mimi nina mdomo, hilo mji mzima wa Gunsan unalijua. Wateja wa duka langu la tambi huja kula na kusemwa, vyote kwa bei moja. Siku vijiti vya kulia vilipomponyoka mjukuu wangu Boram, neno lilikuwa tayari ulimini.

Boram anatumia shoto. Alikuwa anapuliza tambi za moto, fuu, fuu, fuu, mara mkono ukalegea na vijiti vikaanguka sakafuni. Akautazama mkono wake kama si wake. Baada ya dakika chache ulirudi, akaendelea kula. Mimi neno lilinikwama kooni, maana niliyemwona pale mezani ni Sukja.

Sukja alikuwa kifungua mimba wangu. Kila akilia sana mkono wa kushoto ulilegea hivyohivyo, kisha unarudi. Siku moja alililia jino, akalala, hakuamka tena. Alikuwa na miaka minane, sawa na Boram. Mtoto anayewatangulia wazazi kwetu haliliwi, wala hatengewi chakula siku za wafu. Mama mkwe alinikazia jicho, nikameza kilio changu nikarudi kukanda unga.

Tangu vijiti vilipoanguka, nikaanza kumsikia. Mchana kweupe mlango wa jikoni unasogea, kandambili ndogo zinabururwa. Nikaenda kwa mganga, akaniambia, "Anatafuta mwenzake wa kucheza." Basi kila asubuhi nikawa namwaga maharage mekundu kizingitini ili asipite.

"Mama, maharage yameingia mpaka kwenye viatu," mkwe wangu akalalamika.

"Heri yaingie kwenye viatu kuliko yeye aingie ndani."

"Yeye nani?"

"Fagia tu, Mama Boram."

Hakufagia. Alimchukua mtoto mpaka hospitali huko Seoul, nami nikawafuata na hirizi yangu kifuani. Daktari Pyo, kijana mwenye miwani, akatuonyesha picha ya kichwa cha Boram.

"Mishipa mikubwa hapa chini inaziba taratibu," akasema. "Ubongo umekosa damu, mwili ukaotesha mishipa midogo ya kujinusuru. Hii hapa, inaonekana kama moshi."

"Si vizuri, imejiotea?"

"Ni dhaifu mno, bibi. Haitoshi, na inaweza kupasuka. Akipuliza au akilia sana, mishipa ya kichwani hujibana, damu inapungua, mkono unalegea. Siku moja hautarudi. Au yeye mwenyewe hatarudi."

Nikamweleza habari za Sukja, hata mkwe wangu alikuwa hajawahi kuzisikia zote. Daktari akavua miwani.

"Inawezekana kabisa, bibi. Ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo."

Dawa yake ilikuwa upasuaji. Wangechukua mshipa wa ngozi ya kichwa na kuulaza juu ya ubongo, na kutoka hapo mishipa mipya, ile ya maana, ingeota yenyewe kwa miezi.

"Na mpaka iote?" nikauliza.

"Asilie."

Asilie! Mtoto wa miaka minane, tena ndani ya nyumba yangu mimi! Chakula kikawa cha baridi, filimbi ya shule ikafichwa, na mdomo wangu ukafungwa. "Bibi anaumwa?" Boram akamuuliza mama yake. Alipoelewa mchezo, loo, akawa malkia. "Nitalia!" anasema, na watu wazima tunakimbia kutafuta aiskrimu.

Akapasuliwa, akarudi na kovu juu ya sikio. Lakini kila nyumba ilipotulia, nilisikia mtoto akilia nyuma ya magunia ya unga. Naenda kutazama, hakuna mtu. "Sukja," nikamwambia, "niachie huyu. Nakuomba, mwanangu." Nilimwogopa mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Miezi ikapita. Daktari alitupigia picha nyingine, akasema mishipa imeota vizuri sana. Picha ni picha, mimi nilitaka kuuona mkono.

Sikukuu ya mavuno, Chuseok, Minjae binamu yake Boram akamnyakulia keki ya mchele ya mwisho. Boram akaangua kilio, kile cha kukata pumzi, ambacho nyumba ile haikukisikia tangu majira ya baridi. Sote tukaganda. Mwanangu Taeshik, baba yake Boram, akabaki na bakuli hewani. Nikautazama mkono wa kushoto. Ulikuwa umezikamata nywele za Minjae, na hauachii.

"Bibi, ananing'oa!" Minjae akapiga kelele.

"Waacheni!" nikasema. "Asiwaguse mtu!"

Analia, anavuta, analia, anavuta. Mkono haukulegea hata kidogo.

Nikaingia jikoni, nikaketi juu ya gunia la unga, na kilio nilichokimeza zamani kikanitoka chote. Nilimlilia Sukja kwa sauti, nikimwita kwa jina, mpaka Boram mwenyewe akanyamaza, akaja kuniuliza nani kanipiga.