Maji ya Kaburi la Boga

Mwanapili alitoka Msambweni na mtungi mdogo kichwani. Njia nzima alichekwa.

"Mvua yote hii, nawe wabeba maji?"

Alizidi kwenda. Yalikuwa maji ya kisima cha kwao Boga, mumewe, aliyefia shambani nyuma ya Kikoneni ule ukame wa kabla ya Uhuru. Homa ilipomshika, Mwanapili alimnywesha karibu maji yote ya nyumbani. Yaliyosalia yalioshewa maiti, yakaisha. Kaburi halikunyunyiziwa hata tone. Tangu siku hiyo mavyaa yake, Bi Mwanaima, mamake Boga, hakumwita tena mwanangu. Sasa eda ya miezi minne imekwisha na nduguze wa Vanga wanamngoja, lakini hangeweza kuondoka bila kulinywesha kaburi na kupata radhi ya mama huyo. Alimkuta Kikoneni, akimngoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeyaleta?"

"Nimeyaleta."

Bi Mwanaima alitangulia. Walipopita vichaka vya mwisho, Mwanapili alisimama ghafla. Pale palipokuwa na mtama na kaburi palikuwa na ziwa. Maji ya rangi ya chai yalitanda hadi ng'ambo, na bata mwitu wakielea juu yake.

"Mama, kaburi li wapi?"

"Humo." Bikizee alinyoosha mkono. "Wazee walinikanya. Walisema hapa ni pa ziwa, hata likikauka miaka. Huko juu ardhi ilikuwa jiwe, majembe yaligonga tu. Nikawaambia ziwa limekufa, mzikeni hapa penye udongo laini. Ni mimi."

Mwanapili aliushusha mtungi. Alitamani kulia, akaona haya mbele ya mkwewe.

"Nilikulaumu wewe kwa kuwa sikuweza kujilaumu," alisema Bi Mwanaima. "Wewe ulimpa maji angali na kinywa cha kunywea. Hayo ya kaburi, Mungu ameyaleta mwenyewe, tena kayazidisha."

Waliinua viganja, wakamsomea marehemu Fatiha. Bata waliruka, wakatua tena mbele kidogo.

"Na haya, mama?" Mwanapili aliugusa mtungi.

"Nipe mimi. Nimetembea, nina kiu."

Alikunywa taratibu, akafuta midomo kwa ncha ya leso. Kisha akamshikisha Mwanapili mtungi kwa mikono yote miwili.

"Kunywa nawe, mwanangu. Vanga ni mbali."