Aliyemshika Mkono Jhinuk

Wiki nzima walimfundisha Jhinuk kusema uongo, na mtoto alikuwa mwepesi wa kushika. Sudeshna ni Ma. Baba yuko Dubai, hajarudi tangu Jhinuk azaliwe. Mitali, mwenzake Sudeshna nyumbani na kitandani, aliyemlea Jhinuk tangu siku ya kwanza, ni Mashi, mama mdogo.

Shule mbili zilishawakataa waliposema kweli, kwamba mtoto ana mama wawili. Hii ya tatu ndiyo ilikuwa imebaki upande wao wa Kolkata.

"Na nikisahau nikakuita Ma?" Jhinuk aliuliza.

"Nitakufinya," Mitali akasema, wakacheka.

Ofisini kwa mwalimu mkuu, Madam Lahiri, mliwekwa viti viwili, cha baba na cha mama. Mitali akakaa kwenye benchi la ukutani, mikono mapajani.

"Baba yuko wapi, mtoto mzuri?"

"Dubai. Anaendesha winchi. Hajarudi tangu nizaliwe."

"Na Mashi anakupikia nini?"

"Khichuri ya mchele na dengu. Yake haiungui kama ya Ma."

Madam akacheka. Hata Sudeshna alitabasamu. Mitali akaanza kuvuta pumzi vizuri.

"Na sikukuu ya Saraswati ulivaa manjano?"

"Ndiyo, Madam."

"Ulipoandika herufi yako ya kwanza kwenye kibao, mbele ya mungu mama wa elimu, nani alikushika mkono?"

Hilo hawakulifanyia mazoezi. Walifikiria chakula, kuoga, kulala. Herufi ya kwanza, ambayo kila mzazi wa Kibengali huisimulia mpaka wageni wachoke, waliisahau. Jhinuk alimtazama Mitali. Mitali akatazama sakafu.

"Baba," mtoto akasema.

"Baba ambaye hajarudi?"

"Alikuja kidogo tu."

Madam Lahiri akavua miwani. "Msimtese mtoto. Niliwajua tangu mlipoingia. Mimi sina roho mbaya, lakini wazazi wengine wakisikia watahamisha watoto wao. Nafasi nitampa." Akamgeukia Mitali. "Ila wewe, niambie mwenyewe. Ni nani kwake?"

Sudeshna alifungua mdomo. Mitali akamwahi.

"Mashi yake, Madam."

"Basi ubaki hivyo hivyo. Getini nisikuone, wala kwenye michezo, wala siku ya wazazi. Mpaka amalize shule. Utaweza?"

Mitali alihesabu moyoni asubuhi zote hizo, Sudeshna akiwa zamu hospitalini, na mtu wa kukodi akimpeleka mtoto shule. Akaona hakuna upande wa kutokea.

"Nitaweza."

Nje barazani familia nyingine zilikuwa zinasubiri zamu yao, mababa wamechomekea mashati. Sudeshna alijifuta macho kwa pindo la sari.

"Ungeniacha niseme."

"Useme nini? Turudi tukamfundishie jikoni?"

"Ni mwanao, Mitali."

"Punguza sauti."

Jhinuk alikuwa amechoka. Alisimama mbele ya Mitali, akanyoosha mikono yote miwili abebwe, kama alivyozoea. Nyuma yao dirisha la ofisi lilikuwa wazi, na pazia limesogezwa pembeni. Mitali akaificha mikono yake mgongoni, akaishikanisha kwa nguvu isije ikamponyoka.

"Nenda kwa mama yako," akamwambia.