Vidonge vya Shepu

Mheshimiwa hakuwa mbunge wala diwani. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu ya koti lake, analolivaa juani na mvuani, hata akiwa dukani kwake anauza losheni na mafuta ya nywele. Jumamosi ile alilifunga vifungo vyote, akakaa kwenye kochi la sebuleni, tayari kumshtaki mkewe.

Kikao alikiitisha mwenyewe. Kwa upande wake alikuja dada yake mkubwa, mama wa maneno machache na macho makali. Kwa upande wa mke alikuja kaka yake, fundi bomba, aliyeambiwa aje na gari kabisa maana huenda akaondoka na dada yake na mabegi yake. Haya, sikia hiyo! Kesi haijasikilizwa, hukumu imeshatoka.

Mke anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, na kila mtu humwita Fundi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani alichokileta sebuleni, mkoba mapajani.

"Dada, shemeji," Mheshimiwa alianza, akakohoa kidogo. "Ni jambo la aibu. Huyu mwanamke ana ugonjwa wa sehemu za siri. Anatibiwa, unarudi. Anatibiwa, unarudi. Mimi mzima, sina hata upele. Sasa niambieni, anautoa wapi?"

Fundi alitamani kumrushia mkasi. Miezi yote hiyo hajui raha ya kukaa. Ulikuwa ukimwasha akiwa kwenye cherehani, mbele ya wateja, anabana miguu na kuendelea kushona huku machozi yanamlengalenga. Uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, na mkojo ukipita ni moto mtupu. Alipomwambia mumewe, badala ya pole mume alihamishia mto wake chumba kingine, kisha akaanza kupekua simu ya mkewe. Mtu mzima hovyo!

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Haya, sasa nisikilizeni na mimi. Juzi nilikwenda hospitali. Daktari kanipima kila kitu. Magonjwa ya zinaa sina hata moja. Hawa ni fangasi, na hakuna mwanamume aliyeniletea."

"Fangasi wanaota tu wenyewe?" Mheshimiwa alicheka, akamtazama shemeji yake ili wacheke wote. Fundi bomba hakucheka.

"Walikuwemo," Fundi alisema. "Na mimi nilimuuliza hivyohivyo. Kaniambia wanawake wengi wanaishi nao miaka na miaka, hata hawajui kama wapo. Humo ndani kuna bakteria wazuri wanaowabana, na kuna kinga ya mwili inayowachunga. Wakianza kuzidi, seli za kinga zinawafuata na kuwamaliza palepale. Ndiyo maana mtu hasikii kitu. Kwangu mimi wameachiwa wanazaliana wanavyotaka, kwa sababu kinga yangu imelazwa. Daktari akaniuliza, nani kailaza?"

Fundi alikumbuka yule daktari alivyomkazia macho usoni, akamuuliza kama uso huu wa duara alizaliwa nao. Naye, mjinga wa watu, alikuwa amejibu kwa fahari kwamba amenenepa, anamshukuru Mungu. Daktari akauliza tena: unameza nini?

Alifungua mkoba, akatoa kopo jeupe lisilo na jina wala kiwanda, akaligonga mezani.

"Wifi, unalijua hili?"

"Si vile vidonge vya shepu vya dukani kwake?"

"Ndivyo. Mume wangu alinisema mbele ya rafiki zake, eti kaoa kijiti, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kesho yake akaniletea hili. 'Vitamini, mke wangu, kimoja asubuhi kimoja jioni.' Kila mwisho wa mwezi alichukua utepe wangu, huu ninaopimia watoto wa shule, akanizungushia kiunoni aone bidhaa yake inafanyaje kazi. Si vitamini! Ni steroidi. Ni dawa ya wagonjwa, wanapewa kwa kipimo. Inavimbisha uso, inapandisha sukari, na inalaza kinga ya mwili."

Wifi mtu alipeleka mkono shavuni taratibu. "Na mimi ulinipa kopo," alimwambia mdogo wake. "Ulisema nitapendeza."

"Sikujua, dada! Walioniuzia walisema vitamini. Wallahi sikujua!"

"Dawa hukuijua," Fundi alisema, "ila umalaya wangu uliujua. Huo hukuhitaji kuuliza mtu."

Mheshimiwa alifungua kifungo cha koti, kisha kingine. Wifi alinyanyuka, akalichukua kopo. "Nakwenda kulimwaga chooni hivi sasa!"

"Usimwage, daktari amelitaka. Na wewe, wifi, usiache ghafla. Nenda ukaonwe kwanza. Mwili hutengeneza kitu kama hiki wenyewe, sasa umezoea kuletewa, umesahau kujitengenezea. Ukikata tu, unaweza kuanguka ukafa. Vinapunguzwa kidogokidogo."

Alitoa pakiti ya hospitali. Dawa ni ileile, ila hii ina jina na kipimo. Ndicho kilichomuuma kuliko vyote. Tangu juzi alitaka kuvitapika, kuvikanyaga, kuvitupa usoni kwa mtu, na bado ilimpasa aendelee kuvimeza kwa sababu ya huyuhuyu aliyekaa kwenye kochi.

"Niletee maji," alimwambia.

Mheshimiwa alimtazama dada yake. Dada yake alitazama pembeni. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na glasi ameishika kwa mikono miwili.

Fundi alimeza mbele yao.

"Dada, gari liko nje," kaka yake alisema polepole. "Tunaondoka?"

"Leo siondoki, kaka. Cherehani yangu iko hapa na sare za watu hazijaisha." Alimrudishia mumewe glasi tupu. "Ila mto wako uko chumba cha pili, na utakaa hukohuko. Utaniletea maji kila asubuhi. Siku nitakayomeza kidonge cha mwisho, kikao nitakiitisha mimi, na ndipo utakapojua kama bado una mke."