Spana Nyekundu ya Damiano

Gari la Lwitiko pale Mpemba lilisukumwa na watu wengi kuliko waliowahi kulipanda. Lilikuwa saluni nyeupe, mtumba wa Japani, alilipata kwa mahindi na kahawa ya miaka mingi ya kujinyima. Wakati huo huku bado ni Mkoa wa Mbeya, simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia, mtu akitaka mtandao anapanda kichuguu nyuma ya mashine ya kukoboa. Kwa hiyo mwenye saluni alikuwa mtu kweli kweli. Ukikutana naye njiani, unaanza wewe kusalimia.

Sasa Lwitiko alilipenda gari lake mpaka akashindwa kulitumia. Masika halitoki, kuna tope. Kiangazi halitoki, kuna vumbi. Jumapili asubuhi, watu wakianza kupita kwenda kanisani, anaingia ndani, analiwasha, anakanyaga mafuta lisikike mpaka barabara kuu. Halafu analizima, anafunga milango, anachukua kitabu chake cha nyimbo na kwenda kwa miguu kama sisi wengine.

"Mzee, mbona umelizima?" wanamuuliza.

"Limeshapata moto. Inatosha."

Hilo la gari tuliache kwanza, maana kuna la mke. Mkewe aliitwa Ferista, mama Nesta, mwanamke wa maneno machache, mwenye sauti ya kwanza inayokufanya ugeuke ukiwa kanisani. Lwitiko alimuoa kutoka Mbozi Mission. Na kabla Lwitiko hajafika kwa wazee wa Ferista, kuna kijana mwingine alikuwa ameshamtuma mshenga pale. Kijana huyo alipiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa. Aliitwa Damiano. Wazee walimpa Lwitiko, kwa sababu Lwitiko alikuwa na shamba na Damiano alikuwa na tarumbeta.

Yote hayo yangekuwa yameisha. Lakini Damiano naye alikuja kuhamia Mpemba, akawa fundi umeme wa magari, akajenga banda la mabati barabarani, pale malori yanapopanga foleni kwenda mpakani Tunduma. Kutoka kwenye mlango wa Lwitiko mpaka kwenye banda lile, ni kuvuka barabara tu. Damiano ameoa, mkewe ni Yunisi, ana watoto wake, hana habari na mtu. Lakini kila Lwitiko alipoamka na kufungua mlango, kitu cha kwanza kuona ni mgongo wa Damiano ameinamia gari la mtu.

Wivu wa Lwitiko haukuwa wa kelele. Ulikuwa wa kunusa. Ferista akichelewa kisimani, Lwitiko anachungulia banda kama Damiano yupo. Akimkuta yupo, anajiuliza kwa nini leo yupo tu hana kazi. Asipomkuta, ndiyo balaa. Ferista akiimba jikoni na tarumbeta ikasikika upande wa pili, anaacha chakula, anakwenda kusimama mlangoni.

Masika Lwitiko alikuwa anashuka bonde la Momba kulima mpunga. Anakaa huko wiki nyingi, anafikia kwa Makoye, Msukuma mfugaji. Gari linabaki uani. Akirudi, anaingia, anazungusha ufunguo. Ka. Kimya. Vijana wanaitwa, wanasukuma mpaka mashineni, linakohoa, linawaka. Akishuka tena Momba na kurudi, ni vilevile. Ka.

Akamweleza Makoye. Jioni, wanakunywa maziwa, ng'ombe wanaingia zizini.

"Gari limelala tu?" Makoye akauliza.

"Limelala. Ufunguo ninao mimi, huu hapa shingoni."

Makoye akafikiri sana, kwa namna ya mtu wa ng'ombe. "Mimi ng'ombe wangu akilala, akiamka ana nguvu. Kulala hakukondeshi. Kama gari limelala likaamka limekonda, ndugu yangu, kuna mtu anakukamulia."

Lile neno lilimwingia Lwitiko, halikutoka. Kuna mtu anakamua. Na nani Mpemba anajua kukamua betri kama si Damiano, ambaye bandani kwake kuna televisheni inayotumia betri ya gari, na madereva wa Zambia wanajaa pale kuangalia mpira? Na nani anamfungulia geti, kama si yule anayebaki nyumbani?

Akaenda Tunduma kwa fundi asiyemjua, akafungiwa alamu. Kijitaa chekundu kikakaa mbele ya usukani, kinawaka, kinazima, kinawaka, kinazima, mchana na usiku. Mtu akigusa mlango, linapiga yowe. Lwitiko akashuka Momba roho imetulia kidogo. Aliporudi, betri ilikuwa imekufa kuliko siku zote. Hata ile ka haikusikika.

Siku hiyo alimwambia mkewe mbele ya sahani ya ugali. "Mama Nesta, nani anakamua gari langu?"

"Anakamua?"

"Usinirudishie swali. Damiano huwa anaingia hapa nikiwa sipo?"

Ferista aliweka tonge chini. Akanawa mikono, akaifuta kwa kanga, taratibu. "Baba Nesta, toka umenioa sijaongea na Damiano. Hata salamu nampitishia mkewe. Nimefanya hivyo ili wewe ulale. Hulali. Sasa nisikilize. Ukinitaja tena na yule mtu mbele ya watu, narudi kwetu. Sitakuja kuchukuliwa kwa maneno matamu."

Lwitiko alijua huyu hatanii. Akala akamaliza, wiki ile hakulitaja jina la Damiano. Wakati wa kuvuna mpunga ukafika, akashuka tena. Ufunguo mmoja shingoni, na ule wa pili aliouficha kwenye kopo la mbegu za maboga akauacha palepale, akiamini hakuna anayejua.

Alirudi mchana mmoja, amekaa juu ya magunia kwenye lori la watu. Nyumbani hakuna mtu. Kulikuwa na msiba mtaa wa juu, wanawake wote wamekwenda. Lwitiko hakunywa hata maji. Alikwenda moja kwa moja uani.

Cha kwanza, kijitaa chekundu hakiwaki. Cha pili, juu ya boneti, katikati ya vumbi, kuna vidole. Vidole vya mtu, vyote, vimejichora vizuri kabisa. Akaingia, akazungusha ufunguo. Hakuna kitu. Boneti hakuifungua, maana toka anunue gari hakuwahi kuifungua mwenyewe. Aliogopa asije akagusa kitu kikaharibika. Akaingia jikoni kutafuta maji. Juu ya kenchi ya paa, pale Ferista anapochomeka miko, akaona spana.

Spana namba kumi, imepakwa rangi nyekundu kwenye mkono. Mpemba nzima wanajua spana zilizopakwa rangi nyekundu ni za nani. Damiano alizipaka zote ili zisipotee kwa madereva.

Akasimama pale nayo mkononi. Alisikia joto linapanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Akawaza vidole vile kwenye boneti, akawaza vidole vilevile kwenye tarumbeta, akawaza mengine ambayo mtu mzima hawezi kuyasema. Akavuka barabara bila kuangalia malori.

Bandani Damiano yuko chini ya lori. Dereva wa Zambia amekaa kwenye ndoo, anamsubiri.

"Mulishani, ba tata," dereva akamsalimia kwa heshima. Lwitiko hakumwona.

"Toka chini huko."

Damiano akatoka, anajifuta. "Karibu, kaka. Umerudi lini?"

"Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Nimeikuta jikoni kwa mke wangu." Sasa sauti ilikuwa imeshafika kwenye foleni ya malori, na wanawake waliokuwa wanatoka msibani wamesimama barabarani. "Nalima Momba, mbu wananila, wewe unaingia kwangu. Unakamua betri, unaangalia mpira. Na mke wangu anakufungulia. Mnadhani mimi ni mjinga."

Dereva akanyanyuka kwenye ndoo, akasogea pembeni.

Damiano aliigeuza spana ile mkononi. "Hii nilimpa Yunisi. Aliniambia kuna mama wa kanisani anaihitaji. Sikuuliza ni mama gani."

Yunisi alikuwa mmoja wa wale waliosimama barabarani. Akaja, ameshika kiuno. "Ni mama Nesta. Alinifuata kwenye maombi ya akina mama, analia. Akaniambia, Yunisi, muulize mumeo, gari likikaa muda mrefu lifanyweje lisife, maana mimi siwezi kumuuliza. Nikamuuliza huyu. Akasema chomoa ule waya mweusi wa betri. Nikampelekea na spana. Sasa shemeji, una lingine?"

Lwitiko alikuwa na lingine, ila hakujua ni lipi. Wivu haufi kwa sababu mtu amekujibu vizuri. "Twende tukaone," akasema.

Wakavuka wote. Getini Damiano akasimama. "Mimi sijawahi kuingia uani kwako. Na leo siingii mpaka useme mwenyewe."

Lilimuuma kulisema. "Ingia."

Boneti ikafunguliwa. Ule waya mweusi ulikuwa umechomolewa na kuwekwa pembeni, umefungwa kitambaa usiguse chuma. Kitambaa chenyewe kipande cha kitenge cha Ferista, kile cha maua ya njano, kimefungwa kwa fundo zuri kama mtu anavyofunga kidonda cha mtoto. Damiano akakifungua, akarudisha waya. Alamu ikapiga yowe, Lwitiko akainyamazisha. Akazungusha ufunguo. Gari likawaka palepale, hata halikukohoa.

Watu wakacheka. Lwitiko akabaki ameshika usukani.

"Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anakamua?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Yupo," Damiano akasema. "Hicho kijitaa ulichoweka kwa ajili yangu, kinakunywa moto wa betri. Hiyo saa ya mbele ya usukani nayo inakunywa. Redio umezima, lakini inakumbuka stesheni, nayo inakunywa. Kidogo kidogo, usiku na mchana, na wewe uko Momba. Hata ukizichomoa zote, betri ikikaa bila kazi inachoka yenyewe polepole. Lakini mkamuaji mkubwa ni wewe na Jumapili zako. Kuliamsha gari kunakula moto mwingi. Likitembea, linaurudisha. Wewe unaliamsha watu wasikie, unalizima. Linataka kutembea, kaka. Basi."

Lwitiko akainua macho. Ferista alikuwa amesimama getini, kanga ya msiba kiunoni. Alikuwa amesikia toka barabarani. Alipita katikati ya watu, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na begi.

"Damiano amesema linataka kutembea," akamwambia mumewe. "Nipeleke kwetu."

Wakaenda, barabara kuu mpaka Vwawa, halafu wakakunja kuelekea Mission. Njia nzima Lwitiko anatafuta neno. Kila akilipata, linaonekana dogo. Karibu na kufika, Ferista ndiye akasema, anaangalia nje.

"Ulipoondoka tu, nilichukua ufunguo kwenye kopo la mbegu. Nilipofungua mlango, hilo dude lako likalia mpaka kuku wakapanda juu ya bati. Majirani wakatoka. Nikapapasa waya, sioni, nalia na mimi. Nikajipa moyo. Nikasema, safari hii akirudi atakuta gari zima. Atacheka. Tutaanza upya."

Lwitiko akakata kona ya kwa wakwe.

Kaka yake Ferista, Josephat, alitoka kupokea begi. Simu ilikuwa imeshamfikia. "Shemeji, usizime," akasema. "Tunasikia betri yako ni ya shida."

Hakuzima. Alirudi peke yake.

Jumapili iliyofuata akaenda kuomba msamaha, na mzee wa kanisa amekaa mbele. Akapewa chai nje, akaambiwa mama Nesta yuko shambani. Akaenda na nyingine. Na nyingine. Mvua zilipoanza akaenda kwenye tope, akakwama, akasukumwa, akaenda. Njiani anawachukua vikongwe wa kanisani na kuku wao. Saluni ile nyeupe ikawa rangi ya udongo wa Mbozi, mlango mmoja ukabonyea. Betri haikufa hata siku moja.

Mpaka mahindi yanaota nywele, Jumapili moja alifika, akamkuta Ferista amekaa barazani na begi lake. Hakusema amesamehe. Aliingia mbele, akafunga mlango kwa nguvu.

"Twende."

Walipofika Mpemba, usawa wa banda la mabati, Ferista akasema, "Simama."

"Kuna nini?"

"Nataka kumsalimia Damiano. Na mkewe. Kwa mdomo wangu."

Lwitiko alisikia lile joto linaanza tumboni, lilelile, halikuwa limekwenda popote. Akasimamisha gari. Ferista akashuka, akavuka, akampa Damiano mkono. Yunisi akatoka na kigoda. Ferista akakaa. Wakaanza kuongea, na mara Ferista akacheka kicheko ambacho Lwitiko alikuwa hajakisikia siku nyingi.

Akawa anawaangalia kwenye kioo. Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo, ukarudi. Akashika usukani kwa mikono yote miwili, akaiacha injini iendelee kuunguruma, akasubiri.