Mahabusu Aliyewasha Kituo

Sikia hii, na usiseme naongeza chumvi, maana haihitaji: kuna kituo cha polisi kilichopata umeme kutoka kwapani kwa fundi viatu.

Asubuhi yenyewe fundi alikuwa kibandani kwake, misumari midogo mdomoni, anagonga soli ya kiatu cha mwalimu. Polisi wawili wakaja, wakamsubiri ateme misumari, ndipo wakamkamata. Kosa lake ni kuvuka barabara. Upande huu kuna nyumba ya ibada ya dini aliyozaliwa nayo, upande wa pili kuna ile nyingine, na sheria inasema mtu anakufa na dini yake ya kuzaliwa kama anavyokufa na magoti yake.

"Ulikosa nini huku?" mkewe alimuuliza akiwa anavishwa pingu.

"Sikukosa kitu. Kule moyo unatulia tu."

"Si ungetulia hukuhuku! Lazima utulie mbele za watu?"

Huko mahabusu akaanza kuwaka. Yalitangulia masikio, ikafuata shingo, na kufika jioni alikuwa anang'aa mwili mzima kama taa ya duka la dawa. Mkuu wa kituo akaja, akamtazama, akasema, "Afadhali." Transfoma ya mtaa ilikuwa imelipuka tangu mvua za mwanzo, na watu wa umeme walikuwa wanaahidi tu.

Koplo mmoja akampa kichwa cha chaja akishike. Simu ikalia, chaji imeingia. Basi wakaleta waya wa ekstensheni, fundi akaubana kwapani, na kituo kizima kikapata uhai: feni, friji, televisheni, mashine ya kuchapa. Hati ya mashtaka yake mwenyewe ilichapwa kwa umeme wake. Akaisoma kwa mwanga wake, akaweka dole gumba.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Viatu vya watu vilirundikana mlangoni, vingi vya mguu mmoja, na wenyewe walikuja kudai wakiwa na kile kingine mkononi. Kitindamimba alikuwa anauliza kama baba huwa anazimwa polisi wakilala. Mke wa fundi alitaka kitu kimoja tu duniani, mume wake arudi, na akirudi akiwa anawaka, basi awake.

Nje huko wakasikia. Nchi kubwa zikaandika barua, zikaandika tena kwa herufi kubwa, zikasema misaada itasimama. Waziri akampigia mkuu wa kituo: wageni wanakuja, huyo mtu akane dini mpya mbele yao, asamehewe, aende kwake, yaishe.

Mke akakimbia kumbembeleza mumewe. "Baba watoto, sema tu hayo maneno. Ni ya mdomoni. Mungu atajua tunaigiza."

Fundi akafikiria vile viatu, akafikiria watoto. "Haya."

Wageni walikaa kwenye benchi, wamevaa beji. Fundi akafungua mdomo kukana. Neno la kwanza tu, mwanga ukashuka, feni ikaanza kuzunguka kwa uvivu, na friji ikakohoa. Mkuu wa kituo, ambaye soda zake zilikuwa humo, akaruka na kumziba mdomo.

"Hapana! Mtu halazimishwi kukana imani yake! Si mbele yangu!"

Wageni walipiga makofi. Mmoja alitokwa machozi, mwingine akauliza achomeke wapi kamera. Walipofika kwao wakaandika kwamba nchi imepiga hatua, misaada ikaongezwa, na fundi akabaki ndani, maana sheria inasema hatoki mpaka akane, na haki za binadamu zinasema asikane.

"Afande, sasa anatoka lini?" mke akauliza.

"Transfoma ikija, shemeji."

"Na inakuja lini?"

"Waulize watu wa umeme, hao hapo."

Kweli walikuwa hapo, kwenye foleni nje, wameshika chaja zao.

Siku ya mechi kubwa mke alimletea mumewe chakula, akakuta polisi wote wamejazana mbele ya televisheni. Akatazama mlango wa mahabusu. Ulikuwa wazi, kwa sababu waya ulipita katikati.

"Huu mlango haufungwi?"

"Tangu waya uanze kupita."

"Na wewe umekaa tu!"

"Nikiachia, televisheni inazima, wote wanakuja mbio. Na goti langu unalijua. Inatakiwa pikipiki iwe nyuma ya ukuta, imeshawashwa."

Mdogo wake fundi alikuwa na pikipiki. Mke akatoa simu ampigie. Simu imezima. Wakatazamana. Fundi akanyanyua mkono wa pili.

"Chomeka."

Wakakaa bega kwa bega wakiangalia kioo cheusi. Ilikuwa simu ya zamani, inaamka kama mtu aliyelazimishwa. Hatimaye ikawaka, ikapiga wimbo wake wa kukaribisha. Asilimia mbili.

"Piga sasa," fundi akanong'ona.

"Itakata katikati, halafu mdogo wako mpaka umwelekeze mara tatu. Ngoja ifike kumi."

Wakangoja. Nne. Sita. Fundi akafumba macho akajitahidi kuwaka zaidi, mpaka polisi kule mbele ya televisheni wakasifu picha ilivyong'aa. Ilipofika tisa, refa akapuliza filimbi ya mwisho, na polisi wakaingia na chaja zao.

"Shemeji, mpishe kidogo koplo," mkuu wa kituo akasema. "Wewe umeshachaji."

Mke akachomoa, akaaga, akaenda nyumbani na tisa zake. Kesho yake mlango ulitobolewa tundu dogo la kupitisha waya, na tangu hapo unafungwa vizuri kabisa.

Haya, wewe je? Ungepiga kwenye mbili, au na wewe ungengoja ifike kumi? Usinijibu haraka. Angalia kwanza chaji yako.