Ijumaa Kuu ya Gustaw Bujok

Miaka thelathini na moja Gustaw Bujok alinoa misumeno katika kiwanda cha mbao cha bonde la juu la mto Wisła, na hakuna Ijumaa Kuu hata moja iliyomkuta kazini. Siku hiyo Walutheri wa mji wa Wisła huvaa nguo nyeusi na kwenda kwenye Meza ya Bwana, mzee na mtoto. Hakuna sikukuu inayoizidi.

Serikali ya Poland haikuitambua. Kwa Wakatoliki nayo ilikuwa siku ya kufunga, lakini kazini walikwenda. Kwa hiyo kiwandani watu walipangiana zamu wenyewe kwa wenyewe, kimyakimya, na meneja wa zamani alijifanya haoni.

Meneja mpya, Gawron, alitoka mji wa mbali wa Kielce, ambako Mlutheri ni mtu wa kusikika tu. Jumatano kabla ya Ijumaa Kuu Gustaw alimfuata ofisini, akaomba ruhusa kwa adabu, maana kutoroka hakukuwa tabia yake. Gawron aliitazama kalenda ukutani. Akasema Ijumaa imeandikwa kwa wino mweusi kama siku nyingine, si mwekundu wa sikukuu, na mabehewa ya mbao yanaondoka wiki ijayo.

“Nikikuruhusu wewe, ndugu Bujok, wenzako watasema nini?”

“Hawatasema kitu, ndugu meneja. Watakuwa kanisani na mimi.”

Gawron alidhani anafanyiwa mzaha. Akamwambia wazi kwamba asipoonekana Ijumaa, chumba cha kunolea atapewa mwingine, naye atapelekwa uwanjani kubeba magogo. Gustaw alikuwa na miaka hamsini na tisa na goti bovu. Aliitikia kwamba amesikia, akatoka.

Franek, Mkatoliki aliyefanya kazi mashine ya pili, alimsubiri mlangoni.

“We Mlutheri, siku ya kulia nyinyi mnavaa suti kama mnaenda kuoa. Si uende Jumapili tu kama binadamu?”

“Wewe ulioa mara moja, Franek, na mpaka leo unalia.”

Franek alicheka, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kweli atakwenda. Gustaw alijibu kwamba atakwenda. Alhamisi alibaki mpaka saa moja jioni, akanoa misumeno ya siku mbili ili asidaiwe kazi na mtu.

Ijumaa kanisa lilijaa hadi ngazini. Gustaw aliimba kwa kifua chote, akapokea mkate na divai kando ya mkewe Zuzanna, na magogo hayakumpitia akilini.

Walipotoka, Gawron alikuwa amesimama langoni, kofia mkononi, viatu vimejaa unga wa mbao. Watu waliovaa nguo nyeusi tititi walimpita kwa mamia, wakimsalimia. Kati yao aliwatambua mwendesha winchi, karani wake mwenyewe, na fundi wa boila.

“Wamekosekana kumi na tisa,” alisema. “Mashine moja tu ndiyo inayozunguka. Nilidhani mko familia mbili tatu.”

“Huko kwenu labda. Hapa Wisła sisi ndio wengi, meneja.”

“Kwa nini hakuna aliyeniambia?”

“Mimi nilikuambia.”

Gawron alikubali kwa kichwa. Akauliza, bila ukali, kama wanaweza kurudi mchana huu. Gustaw alisema leo hapana. Kesho alfajiri watakuwapo kumi na tisa wote, na mashine zote zitazunguka hadi jioni, ili Franek na wenzake wapeleke vikapu vyao vya Pasaka, vya mayai na soseji, kwa padri vikabarikiwe. Ndivyo walivyopangiana siku zote.

“Na mimi nije wapi?” aliuliza Gustaw. “Uwanjani au chumbani kwangu kwenye misumeno?”

Gawron aliivaa kofia, akaivua tena kwa sababu mchungaji alikuwa anapita.

“Chumbani kwako,” alisema. “Na mwakani niandikie majina mapema.”

Gustaw alimpa mkono, kisha akamshika Zuzanna kiwiko wakaanza kuteremka kilima, polepole kwa ajili ya goti.